Mbah Rantiyem na Nyama ya Jirani

Mama mkwe wangu, Mbah Rantiyem, Mbah maana yake bibi, hajui kukaa akatulia. Hata akila huchuchumaa kwenye kizingiti cha jikoni, sahani mkononi, uso ameuelekeza bandani ili amwone ng'ombe wake anavyocheua. Nilipoolewa hapa kitongoji cha Watugedhe nilidhani ananikwepa, maana nikimsemesha ananijibu huku anaangalia kwingine. Nikamwambia mume wangu Tarno, "Mama yako hanipendi." Tarno akacheka. Akasema, "Hata mimi hajanitazama usoni tangu nizaliwe. Ng'ombe ndiye mtoto wa kwanza."

Siku hizi Tarno yuko Jakarta, anauza supu ya vijinyama vya mviringo kwa mkokoteni. Nyumbani tumebaki mimi, Mbah, na binti yangu Wening ambaye bado ananyonya. Na Manis alikuwepo.

Manis alikuwa ng'ombe wa rangi ya asali, mpole, mwenye kope ndefu. Kila alfajiri Mbah alishuka kwenye matuta na mundu na tenga, akarudi na mzigo wa nyasi uliomfunika mpaka magotini. Ukimwona kwa mbali utasema ni nyasi zenyewe zinatembea. Wakati wa kiangazi, milima yetu ya mawe ikikauka ikawa myeupe, alikwenda mbali zaidi, akarudi jua limeshapanda, akampa Manis kwanza ndipo yeye anywe maji.

Kisa cha Manis kilianza zamani. Mbah alifiwa na mumewe wakati Tarno bado anatambaa. Kabla hata ya siku za msiba kuisha, ng'ombe pekee waliyeachiwa aliteleza kwenye shimo la mwamba, akavunjika mguu. Mbah anasema alikaa pembeni ya lile shimo akawa hana hata machozi. Majirani wakaja bila kuitwa. Wakamvuta yule ng'ombe kwa kamba, wakamchinja, nyama wakaipanga mafungu juu ya majani ya mtiki. Kila nyumba ikachukua fungu lake, na kila nyumba ikaacha kitu kwenye ungo wa Mbah, kadiri ya uwezo wake. Nyama ilikuwa ngumu kama kamba, lakini hakuna aliyenung'unika. Huku kwetu tunaita brandu. Mnyama wa mtu akipatwa na balaa, wote mnamla, ili hasara isimwangukie mmoja.

Kwa kilichoachwa kwenye ungo, Mbah alipata ndama jike. Manis ni mjukuu wa yule ndama. Ndiyo maana Mbah husema, "Nyumba hii imejengwa na meno ya majirani." Na ndiyo maana tangu siku hiyo hajawahi kukataa fungu la mtu. Awe mbuzi aliyevimba tumbo, awe fahali aliyeanguka kilimani, Mbah atakwenda na tenga lake, ataweka alichonacho, atachukua nyama, tutaila.

Sharti ni moja tu: kisu kimuwahi mnyama angali hai. Akifa mwenyewe ni kibudu, hakuna wa kumla, na mwenye mnyama anakula hasara peke yake. Kwa hiyo ng'ombe akianza kutetemeka, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Watu wanauliza Dalimin yuko wapi.

Dalimin ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Mtu mnene kidogo, mwenye meno mawili ya mbele yaliyoachana, na utani usioisha. Mbah alimwita mwanangu, yeye alimwita Mbah mchumba.

Mwanzo wa mvua hizi, ng'ombe wa Wagiran, jirani yetu wa upande wa juu, alianguka asubuhi. Jana yake alikuwa mzima kabisa. Dalimin akaitwa akaja mbio, shati hata hajafunga vifungo, akawahi. Nilikuwa pale na Wening kwenye mbeleko. Wanawake walikuwa wanapangusa majani ya mtiki, wanaume wanachuna ngozi. Mbah akafika na tenga.

"Mchumba," Dalimin akasema, "leo umekuja na tenga kubwa. Unataka kichwa kizima?"

"Kichwa cha nani? Chako hakina nyama, kina kelele tu."

Watu wakacheka. Lakini mimi nilikuwa naangalia damu. Ilikuwa nyeusi, na ilikuwa inatiririka bado, inafuata kijimfereji cha maji ya mvua kuelekea chini kwenye matuta yetu, wakati damu ya mnyama siku zote huganda kabla hujamaliza kuosha kisu. Dalimin naye aliiona. Akasimama kidogo, kisu mkononi.

"Hii damu imekataa kuganda," akasema taratibu. Kisha akainua mabega. "Labda alikunywa mvua yote peke yake."

Wakacheka tena, wakaendelea. Wagiran alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini, anapokea mikono ya watu, na mkewe Sutinah anasema ahsante, ahsanteni jamani, Mungu awazidishie. Mbah alichukua fungu lake, na kama kawaida yake akajitolea kuosha utumbo kwenye tangi pamoja na wanawake wengine. Jioni tulikula. Nyama haikuwa na ladha mbaya.

Baada ya siku chache Dalimin alipita kwetu na kidonda kwenye kifundo cha mkono. Kilikuwa cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, pembeni kimevimba.

"Nimenunua saa," akamwambia Mbah, akimwonyesha.

"Inauma?"

"Haiumi. Wala haisemi saa ngapi. Nimeuziwa mbovu."

Mbah hakucheka. Alikunjua kiganja chake, akamwonyesha kidole cha shahada. Naye alikuwa na kadoa kama hako, kadogo. Wakaangaliana wale wawili, kisha Dalimin akasema, "Basi mimi na wewe tumeshavishana pete," akaenda zake.

Ile ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akitania. Homa ilimshika, tumbo likamkata, akaanza kutapika. Walimbeba kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili mpaka zahanati, na kutoka hapo akapelekwa hospitali mjini. Alirudi amefungwa sanda. Watu wa afya walitangulia, wakatuambia tusimwoshe.

Kitongoji chote kilikaa kimya siku ile, hata kuku nilihisi wanaongea kwa sauti ya chini.

Ndipo wakaja watu wa serikali, wengine wa afya, wengine wa mifugo, na dokta wa mifugo mmoja, binti mdogo mwenye hijabu ya kijivu na viatu vya mpira vilivyomzidi. Walitutoa damu, wakatupa vidonge, wakaangalia mikono yetu mmoja mmoja. Wakasema ni kimeta. Yule dokta alitueleza uwanjani kwa maneno mepesi: ng'ombe akifa ghafla msimpasue, na akiumwa msikimbilie kisu, kwa sababu damu ikimwagika ule ugonjwa unaingia kwenye udongo, na unakaa humo miaka mingi kuliko sisi. Mvua ikija unasombwa, nyasi zinaota, ng'ombe mwingine anakula. Nyasi zikateni juu juu, msing'oe na mizizi.

Nilimfuata pembeni. Nikamwuliza, "Dada dokta, mimi nanyonyesha. Na ile nyama nilikula." Akaniitia mwenzake wa afya, akanipa vidonge, akasema niendelee kunyonyesha, mtoto hana shida. Nilimwamini. Lakini kwa siku nyingi kila nilipompa Wening ziwa nilikuwa nausikiliza mdomo wake kama vile ungeniambia kitu.

Kidole cha Mbah kilipona, kikabaki na kovu. Mambo mengine hayakupona. Sokoni watu walianza kuuliza muhogo umetoka wapi, na wakisikia Watugedhe wanarudisha kwenye rundo na kujifuta mikono. Wagiran alikonda. Hakuna aliyemtamkia kwamba Dalimin alikufa kwa ng'ombe wake, lakini watu walikuwa wakimaliza kuzungumza pale anapofika. Sutinah, aliyekuwa akija kwetu kila mara kutwanga muhogo mkavu kwa sababu kinu chetu ni kikubwa, akaacha kuja.

Ng'ombe wazima walichomwa chanjo. Manis hakuchomwa. Alikuwa na mimba kubwa, na yule binti dokta alimpapasa tumbo akasema, "Huyu tumwache azae kwanza, Mbah. Mwangalie tu." Mbah akafurahi. Alishamwahidi Wening ndama wa tumboni. Kila jioni alimbeba mjukuu wake mpaka bandani, akaushika mkono wake mdogo na kuuweka kwenye ubavu wa Manis.

"Umemsikia? Huyo ni wako. Akikua ndiye atakayekusomesha, mama yako aliishia darasa la sita."

"La sita nilimaliza, Mbah," nikasema.

"Ndiyo nilivyosema. Uliishia."

Basi asubuhi moja Manis hakusimama.

Nilisikia Mbah ananiita kutoka bandani, sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilimkuta amepiga magoti kwenye samadi, ameshika masikio ya Manis kwa mikono yote miwili.

"Mama Wening, mshike. Moto huu ni wa kawaida?"

Nilimgusa. Alikuwa anaunguza. Ubavu ulikuwa unakwenda haraka haraka, na ngozi inatetemeka pale mabegani ingawa hakukuwa na baridi.

Sijui habari zilitoka vipi. Hatukumwita mtu, lakini kabla sijamfunga Wening mgongoni vizuri, majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani, kama zamani zile pembeni ya shimo. Mmoja na beseni, mwingine amekumbatia majani ya mtiki. Mbele yao Wagiran. Mkononi alikuwa na kisu cha marehemu Dalimin, ameazima kwa mjane.

"Mbah," Wagiran akasema, "nimekuja."

Mbah aliangalia kile kisu kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Mama Wening, panda mwambani, mpigie yule binti dokta. Mwambie Manis."

Simu huku kwetu hushika pale juu ya mwamba tu. Nilipanda na mtoto mgongoni. Dokta alipokea. Alisema nisirudie mara mbili, ameelewa, yuko kitongoji cha mbali na njia ina matope, anakuja na sindano, huenda akamwahi. "Msimchinje. Na akifa kabla sijafika, msimguse. Mtoto mweke mbali." Nikashuka.

Nilipofika uani nilimkuta Mbah amekaa kitako chini, mlangoni mwa banda, mundu mapajani. Mgongo ameugeuzia ng'ombe, uso ameuelekeza kwa watu. Sijawahi kumwona amekaa hivyo.

"Dokta anakuja," nikasema. "Amesema asichinjwe."

"Dokta atafika saa ngapi?" akauliza mzee mmoja wa nyuma. "Huyu ng'ombe hatamngoja dokta. Atakufa, awe kibudu. Mbah atabaki na nini?"

"Tutachemsha sana," mwingine akasema. "Kutwa nzima motoni. Hakuna atakayejua."

"Dalimin yeye alikula mbichi?" Mbah akauliza.

Aliyesema akahamishia beseni lake mkono wa pili.

Wagiran alichuchumaa mbele ya Mbah. Alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, kama mtu aliye mbele ya mamaye. "Mbah, wewe wangu ulimchukua. Uliweka kwenye ungo wangu kuliko wote, najua, Sutinah aliniambia. Niruhusu nikurudishie. Mimi mwenyewe nitachinja, mimi mwenyewe nitakula wa kwanza. Usiponiruhusu nitamtazama nani usoni hapa?"

Nilidhani Mbah atalegea. Hata mimi nililegea. Nyuma yake Manis alikuwa anakoroma, na kila akikoroma mabega ya Mbah yalikuwa yanapanda kidogo. Lile lilikuwa jambo jepesi kabisa, kusogea tu. Angesogea, angekuwa na kitu kwenye ungo, labda ndama mwingine, na majirani wangekuwa majirani zake kama walivyokuwa siku zote.

"Wagiran, mwanangu," akasema, "uliponipa lile fungu hukujua. Mimi leo najua. Nikikupa, nitakuwa nimekupa nikijua."

Hapo ndipo Sutinah aliposogea mbele. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu. "Eeh. Yetu ulikula, Mbah, na mifupa ukanyonya. Yako ndiyo sumu? Au yako ni ya kuwekewa dokta, yetu ilikuwa ya kutupwa?"

"Sutinah," Wagiran akamkanya.

"Niache niseme. Wanatuona sisi ndio tuliomwua Dalimin. Na yeye leo anataka kuonekana msafi. Anatukataa mbele za watu."

Mbah aliusogeza mundu kutoka goti moja hadi lingine. Kidole chake chenye kovu akakificha ndani ya ngumi.

Tulikaa hivyo. Jua likapanda. Wening alilia, nikamnyonyesha nimesimama, mbali, kwenye kivuli cha jiko. Wengine waliondoka, wengine walibaki kwa sababu kuondoka ilikuwa aibu na kubaki pia aibu. Majani ya mtiki yakaanza kujikunja kwa joto.

Manis alikufa kabla ya dokta kufika. Tulijua kwa sababu mkoromo ulikoma. Damu kidogo ilitoka puani. Wagiran alisimama, akakiangalia kile kisu ambacho sasa hakikuwa na kazi, akakifunga ndani ya kitambaa.

Mbah alibaki amewageuzia watu uso. Mimi ndiye niliyekuwa naona kule ndani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona tumbo la Manis likicheza, mara moja, kisha tena, kwa nguvu, kisha polepole. Kisha likatulia. Sikumwambia Mbah. Lakini wakati linacheza aliniangalia usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na nadhani aliyasoma yote kwangu.

Dokta alifika viatu vimejaa matope. Akaona, akashika ncha ya hijabu yake iliyolowa jasho akaikamua, akasema, "Pole, Mbah. Nimechelewa." Mbah akamwambia, "Hujachelewa. Hakuna aliyemgusa." Wakaja wanaume waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, wakaziba pua ya Manis kwa pamba ili damu isidondoke, wakachimba shimo refu nyuma ya banda, wakamwagia dawa na chokaa, na juu wakaweka zege. Majirani waliangalia kutoka mbali, kisha wakaenda makwao. Beseni moja lilisahaulika uani mpaka kesho yake.

Hakuna aliyeacha kitu kwenye ungo wetu. Msifikiri ni roho mbaya. Watu wetu wanajua kutoa huku wanapokea fungu, hapo hakuna anayeona haya. Kutoa bila kupokea fungu ni sadaka, na kumpelekea Mbah Rantiyem sadaka nani angethubutu? Basi walikaa kwao na sisi tukakaa kwetu. Nikapanda mwambani, nikampigia Tarno kumweleza.

Kesho yake alfajiri nilisikia tenga linakwaruza mlango. Nikatoka. Mbah alikuwa anashuka kwenye matuta na mundu wake.

"Mbah, unakwenda wapi? Nyasi za nani?"

"Mikono imeamka," akasema.

Alichelewa kurudi, kwa sababu sasa alikuwa akikata juu juu kama alivyofundishwa, na mzigo haujai upesi. Hakushuka tena kwenye yale matuta yaliyo chini ya uwanja wa Wagiran, alizunguka upande wa pili wa kilima. Aliporudi alisimama mbele ya banda tupu na ule mzigo mgongoni. Kisha akapanda nao mpaka kwenye ua wa Wagiran, ambaye alibakiwa na ng'ombe mmoja mwenye chanjo, akauegemeza pale, akarudi kunywa maji.

Nyasi zilikaukia pale pale. Kesho akapeleka nyingine, akaziweka juu ya zile kavu. Watu wakipita wanaangalia, wanapita. Kila jioni nilijiambia nimwambie aache, nikashindwa. Rundo likawa refu mpaka likafunika uwazi wa ua, na nyuma yake nilimwona Sutinah akipita na ndoo bila kugeuza shingo.

Halafu asubuhi moja, Mbah anashusha mzigo, sauti ya Sutinah ikatoka upande wa pili wa ua.

"Mbah."

"Naam."

"Hizi nyasi zako ni vipande vipande. Ng'ombe wangu ana meno, sio kuku huyu. Hujui tena kukata?"

Mbah alisimama, amepinda vilevile kama mzigo bado uko mgongoni.

"Nimekata juu juu," akasema. "Udongo wa chini siuamini."

Nikasikia ua unasukumwa, mkono wa Sutinah ukatoka, ukashika kamba ya mzigo wa siku ile na kuuvuta ndani. Zile kavu aliziacha nje.

"Kesho lete zaidi, basi," akasema. "Hizi hazimfikishi mchana."

Mbah alirudi nyumbani, akachuchumaa kizingitini na sahani ya tiwul ya muhogo mkavu, uso kwenye banda tupu. Alikula yote. Sutinah bado hajaja kutwanga kwetu.

Wening ameanza kutambaa. Dokta alituhakikishia kwamba zege ni nene na shimo ni refu, na namwamini. Lakini bado simshushi uani. Namfunga mbelekoni nikifagia, namfunga nikipika, mgongo unaniuma. Yeye anajinyoosha, anataka chini, anainyooshea mikono ile sehemu nyeupe nyuma ya banda ambayo jua likiipiga inang'aa. Mbah akipita na mundu wake anamwambia, "Ngoja kwanza." Hatuambii tungoje mpaka lini.